Kwa nini spirulina hupoteza buluu yake, na jinsi ya kuirudisha

Msomaji mmoja wa Arusha ameniandikia kuhusu mabwawa yake matatu ya spirulina yaliyo ndani ya kitalu nyumba cha nailoni. Anaeleza kwamba katika miezi ya mwanzo zao lake lilikuwa la kijani kilichokolea hadi kuelekea buluu, kisha likaanza kupauka na kugeuka kijani cha manjano. Mnunuzi wake, ambaye hulipa kwa kuangalia kiasi cha fikosianini, yaani ile rangi ya buluu inayotiwa kwenye peremende na vyakula vingine, amepunguza bei. Msomaji huyu alikuwa amesoma kwamba mwani hutoa rangi nyingi zaidi ukinyimwa naitrojeni, ukiongezewa chumvi na kuachwa kwenye jua kali. Akaacha kutia nitreti, akaondoa neti ya kivuli, na hali ikazidi kuharibika. Anauliza afanye nini, na kama ingekuwa heri aachane na buluu ahamie kwenye rangi nyekundu na za machungwa ambazo bei yake inasifiwa.

Ndugu msomaji, ushauri uliousoma ni sahihi kwa mwani wa aina nyingine, na kwa spirulina ni kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Seli haitengenezi rangi kwa ajili ya soko, bali kwa haja yake yenyewe, kwa hiyo mtu anayetaka rangi fulani iongezeke hana budi kujua kwanza rangi hiyo inaifanyia seli kazi gani. Kwa mahitaji yako inatosha kuzigawa rangi katika makundi mawili: zile ambazo seli huzitumia kukamata nuru, na zile inazozitumia kujikinga na nuru iliyozidi. Hali inayoongeza kundi moja mara nyingi hulipunguza jingine.

Dunaliella salina, mwani wa maji yenye chumvi kali, ni mfano mzuri wa kundi la pili. Jua linapouzidi huku naitrojeni ikiwa haba, ukuaji wake hupungua, na ndani ya kloroplasti yake hujitokeza matone madogo ya mafuta yaliyosheheni beta-karotini, rangi ya machungwa ambayo huweza kufika asilimia 10 ya uzito mkavu na hata kuzidi. Haematococcus, mwani wa maji yasiyo na chumvi, hufanya jambo la kufanana na hilo: ukipata taabu huacha kuogelea, hujivika ukuta mnene, na hujijaza astaksanthini nyekundu, ambayo inaweza kukaribia asilimia 4 au 5 ya uzito mkavu. Wakulima wa viumbe hivyo viwili huvitesa kwa makusudi, na ni kwao ndiko ushauri wa njaa, chumvi na jua kali ulikotoka.

Fikosianini ni ya kundi la kwanza. Spirulina, ambayo katika maandiko ya kisayansi huitwa pia Arthrospira, ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, ingawa sote tumezoea kuiita mwani. Juu ya tando zake za usanisinuru imepangiwa antena zilizojengwa kwa fikosianini na ndugu yake, alofikosianini. Antena hizo hukamata nuru ya rangi ya machungwa iliyo karibu na nanomita 620, eneo ambalo klorofili hulikamata kwa udhaifu, kisha hupitisha nguvu hiyo kwa klorofili. Seli iliyo katika nuru hafifu huongeza antena ili isikose chakula, na seli iliyo katika jua la kupita kiasi huzipunguza, kwa kuwa kukamata nuru isiyoweza kutumika kunaiumiza. Hiyo ni sababu ya kwanza ya jua lako kali kukunyang'anya buluu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Fikosianini ni protini, na protini hujengwa kwa naitrojeni. Katika spirulina iliyotunzwa vizuri protini hii moja huchukua kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tano ya uzito mkavu wote, kiasi kikubwa mno kwa kitu ambacho kazi yake ingekuwa kukamata nuru tu. Mwaka 1980 Sammy Boussiba na Amos Richmond, waliokuwa wakifanya utafiti huko Israel, walionyesha kwamba spirulina huitumia fikosianini kama akiba ya naitrojeni. Nitreti inapokwisha majini, seli huzivunja antena zake na kutumia vipande vyake kutengeneza protini inazozihitaji zaidi, kama familia inavyofungua ghala la mahindi mwezi wa njaa. Buluu huondoka kwanza, klorofili hufuata kupungua, na karotenoidi, yaani rangi za manjano na machungwa ambazo hazina naitrojeni ndani yake, hubaki. Ndiyo maana zao lako limegeuka manjano. Ulipoacha kutia nitreti, uliilazimisha spirulina kuila rangi ile ile uliyokusudia kuiuza.

Ipo dalili nyingine ambayo naamini umekutana nayo, ingawa hukuitaja. Spirulina yenye njaa ya naitrojeni na jua jingi huendelea kukusanya kaboni isiyoweza kuigeuza kuwa protini, na sehemu ya kaboni hiyo huitoa nje kama utelezi wa sukari ndefu. Maji huwa mazito, kitambaa cha kuchujia huziba upesi, na tope linalobaki halikamuki vizuri. Rangi ya manjano ikiambatana na utelezi wa namna hiyo, mshukiwa wa kwanza ni naitrojeni.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu nadhani tatizo lako lilianza kabla hujaacha kutia nitreti. Wakulima wengi huanzisha bwawa kwa mchanganyiko wa Zarrouk, uliotokana na tasnifu iliyoandikwa Paris mwaka 1966, ambao una gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu na gramu 2.5 za nitreti ya sodiamu kwa kila lita. Nitreti ya sodiamu ina naitrojeni asilimia 16 na nusu hivi, kwa hiyo lita moja ya mchanganyiko huo ina takriban gramu 0.41 za naitrojeni. Spirulina yenye afya ina naitrojeni karibu asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Maana yake ni kwamba nitreti yote ya mwanzo inatosha kukuza gramu 4 tu za spirulina kavu kwa kila lita, na baada ya kuvuna kiasi hicho, hata kama maji ya kuchujia unayarudisha bwawani kwa uangalifu, hazina imekwisha. Mkulima huona bwawa likistawi kwa wiki nyingi akadhani maji yanajitosheleza, kumbe yanaliwa kidogo kidogo.

Kanuni unayoweza kuifuata tangu sasa ni kurudisha kwa kadiri unavyovuna. Kila kilo moja ya spirulina kavu inayotoka huondoka na gramu 100 hivi za naitrojeni, yaani gramu 600 za nitreti ya sodiamu, au gramu 750 hivi za nitreti ya potasiamu, ile mbolea ya kuyeyuka inayouzwa kwa ajili ya vitalu. Ukivuna kilo 2 kavu kwa wiki, unadaiwa na mabwawa yako karibu kilo 1.2 za nitreti ya sodiamu kila wiki. Usitumie nitreti ya kalsiamu hata kama ndiyo iliyo karibu, maana kalsiamu hushikana na kaboneti na fosfeti na kuzama chini kama chokaa, ikakupotezea virutubisho ulivyovilipia. Na kwa kuwa zao lako linaliwa na watu, tafuta nitreti safi ambayo muuzaji anaweza kukuonyesha cheti cha vipimo vya madini mazito.

Urea ni rahisi kwa bei, na gramu 220 zake zinatosha kilo moja ya spirulina, lakini inahitaji mkono mwepesi. Ikivunjika hutoa amonia, na katika maji yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) ya 10, zaidi ya sehemu nne kwa tano za amonia hiyo huwa katika umbo huru linalopenya kwenye seli na kuvuruga usanisinuru. Anayetia urea ya wiki nzima kwa siku moja anaweza kukuta povu, harufu kali na nyuzi zilizokatikakatika. Ukiitumia, igawe katika vipimo vidogo vya kila siku, asubuhi, na upunguze siku za mawingu. Binafsi, kwa bwawa linalolimwa kwa ajili ya rangi, ningeigharimia nitreti: inasamehe makosa, na ikibaki nyingi kidogo majini haidhuru.

Ukirudisha nitreti leo, antena zitaanza kujengwa upya ndani ya saa chache, na mabadiliko utayaona kwa macho ndani ya siku chache. Katika siku hizo usivune, na rudisha neti ya kivuli, kwa sababu seli zilizopauka hazina uwezo wa kustahimili jua kama zenye afya.

Buluu isiporudi baada ya wiki moja ilhali nitreti ipo, angalia chuma. Sehemu ya fikosianini yenye rangi hutengenezwa kutokana na hemu, ile ile inayobeba chuma katika damu yetu, na hata vimeng'enya vinavyoigeuza hemu kuwa rangi ya buluu hutegemea protini zenye chuma ili kufanya kazi. Katika maji ya magadi yenye pH ya 10, chuma cha kawaida hugeuka kutu na kuzama, kwa hiyo bwawa linaweza kuwa na chuma tele chini na njaa ya chuma katikati. Zarrouk alitia miligramu 10 za salfeti ya chuma kwa lita pamoja na EDTA ya kukishikilia chuma hicho kisizame. Ukosefu wa salfa nao hufanya seli zivunje antena, ingawa kwa mtu anayetia salfeti ya magnesiamu mara kwa mara ni nadra kutokea.

Njia nafuu ya kujua kinachokosekana ni kuiuliza spirulina yenyewe. Chota maji ya bwawa katika mitungi minne ya kioo, uiweke pamoja mahali penye nuru ya wastani. Wa kwanza usitie kitu, wa pili utie nitreti, wa tatu utie chuma chenye EDTA, wa nne utie salfeti ya magnesiamu. Tikisa mara kadhaa kwa siku. Mtungi utakaokolea kabla ya mingine ndani ya siku tatu hadi tano ndio utakaokupa jibu, na jibu hilo ni la kuaminika kuliko kukisia kwa kuangalia picha za watu wengine.

Kuhusu nuru, kuna jambo linalowachanganya wengi. Ni kweli kwamba kivuli huongeza asilimia ya fikosianini ndani ya seli. Lakini kivuli hicho hicho hupunguza ukuaji, na mtu anayeuza rangi anahitaji kujua gramu za rangi zinazotoka bwawani kwa siku, ambazo ni zao la vitu viwili vinavyovutana. Tuseme bwawa lisilo na kivuli linatoa gramu 8 kavu kwa mita ya mraba kwa siku zenye fikosianini asilimia 10. Hiyo ni gramu 0.8 ya rangi. Tuseme tena ukalifunika, likatoa gramu 5 zenye asilimia 14. Hiyo ni gramu 0.7. Asilimia imepanda, rangi imepungua. Kama mnunuzi wako analipa kwa gramu ya rangi, bwawa la kwanza ni bora. Kama anakataa chochote kilicho chini ya kiwango fulani, la pili ndilo litakalouzika. Muulize swali hilo kabla hujanunua mita moja ya neti.

Hata hivyo jua la mchana la nchi zetu ni jingi mno. Saa sita mchana mbingu ikiwa wazi, nuru inayofika juu ya maji ni karibu mikromoli 2,000 (kipimo cha wingi wa chembe za nuru) kwa mita ya mraba kwa sekunde, wakati usanisinuru wa spirulina huanza kutosheka kwenye mikromoli 150 hadi 200. Kinachookoa bwawa ni msongamano: nyuzi hutiliana kivuli, na zikivurugwa vizuri kila moja hupata dakika chache juu na dakika nyingi chini. Kwa hiyo msongamano na uvurugaji ndivyo vivuli vya kwanza vya mkulima, na neti huja baadaye. Tumia kisahani cheupe kwenye fimbo yenye alama za sentimita. Kishushe majini, na usome kina ambapo kisahani hakionekani tena. Wakulima wengi huvuna kisahani kinapopotea kati ya sentimita 2 na 3. Kosa la kawaida ni kuvuna nusu ya bwawa kwa mkupuo mmoja, kisha jua la saa sita likakuta maji mepesi na kuzichoma nyuzi zilizobaki. Vuna asubuhi, kwa sababu usiku seli hutumia akiba yake ya wanga na asubuhi sehemu ya protini huwa kubwa zaidi, lakini usizidishe robo ya bwawa, hasa miezi ya jua kali.

Arusha ina tatizo lake la pekee ambalo mkulima wa Tanga au Kilifi halijui. Spirulina hupenda maji ya nyuzi joto 35 hivi, na kwenu mwezi Juni na Julai maji ya alfajiri huwa baridi sana ukilinganisha na hapo. Jua likichomoza kwa ukali kabla maji hayajapata joto, seli hukamata nuru ambayo vimeng'enya vyake baridi haviwezi kuitumia, na mitambo yake ya usanisinuru huharibika kwa saa kadhaa. Avigad Vonshak, mtafiti wa Israel, na wenzake walilichunguza jambo hili katika mwani unaolimwa nje, na walikuta kwamba asubuhi baridi yenye jua inaweza kupunguza uzalishaji wa siku nzima. Dawa yake si ghali: funga kitalu nyumba jioni mapema, acha neti juu ya mabwawa hadi maji yapite nyuzi 20 au zaidi, kisha uiondoe, na uirudishe saa sita ikibidi. Neti inayohamishwa ina faida kuliko neti ya kudumu.

Kwa kuwa una mabwawa matatu, ningekushauri mawili uyalime kwa ajili ya wingi, yapate nuru ya kutosha na nitreti ya kutosha, na la tatu liwe la kumalizia. Humo mwani ulioiva ukae siku tatu hadi tano chini ya neti, maji yakiwa na kina zaidi na nitreti nyingi, antena zijazwe, ndipo uvunwe. Utapoteza ukuaji kidogo katika bwawa moja badala ya kuupoteza katika yote matatu. Taa za rangi, ambazo zinatajwa sana katika maandiko ya utafiti, ziache. Zina maana ndani ya vyombo vya maabara, lakini juu ya bwawa lenye jua la bure hazitarudisha gharama ya umeme.

Usisahau kaboni, ingawa haihitaji maneno mengi. Kilo moja ya spirulina kavu hufunga takriban kilo 1.8 za kaboni dioksaidi, na kama hairudi kwa njia ya bikaboneti au gesi, pH hupanda. Ibakize kati ya 9.5 na 10.5, ikizidi 11 ukuaji hudorora. Baadhi ya wakulima wa kwenu hutumia magadi ghafi ya upande wa Ziwa Natron badala ya bikaboneti ya dukani. Nisingefanya hivyo kwa zao la chakula: magadi hayo huwa na floraidi nyingi, maji ya visima vingi vya Arusha nayo yana floraidi, na bwawa ambalo maji yake hukauka kila siku na kuongezwa kila siku huikusanya. Pima maji ya kisima chako kwanza.

Nimechelewa makusudi kuzungumzia kinachotokea baada ya kuvuna, na huko ndiko ninakodhani sehemu kubwa ya buluu yako inapotelea. Fikosianini haipendi joto, haipendi nuru, na haipendi magadi. Ikishatoka ndani ya seli hutulia vizuri kwenye pH ya 5.5 hadi 6, na joto likipita nyuzi 45 hivi huanza kuharibika upesi. Ukaushaji mbaya unaweza kuipunguza karibu nusu kabla mfuko haujafungwa, na hakuna mbolea itakayofidia hasara hiyo.

Baada ya kuchuja, suuza tope kwa haraka ili kuondoa maji ya magadi. Maji matupu yakikaa juu yake muda mrefu seli hupasuka, kwa hiyo tia chumvi kidogo kwenye maji ya kusuuzia. Kisha kamua pole pole. Ukiona maji yanayodondoka kutoka kwenye kitambaa yana buluu, simama hapo hapo: umekamua kwa nguvu mno, au tope limekaa mno, na hiyo inayodondoka ndiyo bidhaa. Baada ya hapo tengeneza nyuzi nyembamba kama tambi za milimita 2, uzianike juu ya neti safi ndani ya kikaushio chenye kivuli na upepo mkavu, joto likiwa chini ya nyuzi 45, zikauke siku ile ile. Kuanika juani moja kwa moja, jambo ambalo nalijua kuwa ni la kawaida, kunaunganisha maadui wawili kwa wakati mmoja. Zikishakauka, zihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa wala nuru. Na kama mnunuzi wako yuko karibu na ana mitambo ya kutoa rangi, mwulize kama atapokea tope lililogandishwa. Kugandisha na kuyeyusha hupasua seli, na hiyo ni hatua ya kwanza ya utoaji rangi, hivyo nyote wawili mnaruka ukaushaji na hasara yake.

Ili ujue kama hatua hizi zinasaidia, usitegemee jicho wala neno la mnunuzi peke yake. Chuo chochote chenye spektrofotomita, yaani kifaa cha kupima nuru inayofyonzwa na kimiminika, kinaweza kukupimia. Pima miligramu 10 za uzito mkavu wa sampuli katika mililita 10 za bafa ya fosfeti yenye pH ya 7, gandisha na kuyeyusha mara tatu au nne hadi seli zipasuke, zungusha kwenye sentrifuji hadi maji ya buluu yawe angavu, kisha soma ufyonzaji wa nuru kwenye nanomita 615 na 652. Fomula iliyotolewa na Bennett na Bogorad mwaka 1973 husema: chukua usomaji wa 615, toa usomaji wa 652 uliozidishwa kwa 0.474, gawanya kwa 5.34, na utapata miligramu za fikosianini kwa kila mililita. Kwa mfano, usomaji wa 0.80 na 0.20 unatoa miligramu 0.132 kwa mililita. Katika mililita 10 hiyo ni miligramu 1.32, yaani asilimia 13.2 ya uzito wa sampuli. Pima tope bichi na tope kavu la siku moja kwa uzito mkavu ulio sawa: tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hasara ya kikaushio chako.

Mnunuzi anaweza pia kukutajia usafi wa rangi, ambao ni uwiano wa usomaji wa nanomita 620 na ule wa 280. Rangi ya daraja la chakula huhesabiwa kuanzia 0.7, na ile ya maabara huanzia karibu 3.9. Namba hiyo hupandishwa zaidi na kazi ya kusafisha kiwandani kuliko bwawani, kwa hiyo usikubali bei yako ikatwe kwa sababu ya hatua ambayo si yako. Kwa maelezo zaidi ya soko lenyewe, itoshe kusema kwamba mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu buluu ya spirulina katika peremende na ubani wa kutafuna, na tangu hapo wanunuzi wamekuwa wakali zaidi kuhusu namba.

Kuhusu mbegu, kwa sasa usibadilishe. Aina za spirulina hutofautiana kweli katika kiasi cha buluu, na maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ambako heroe wadogo huishi kwa kuila, yana aina zake; lakini kuchukua mbegu kutoka kwenye hifadhi bila kibali ni kosa la kisheria, na mbegu mpya katika bwawa lenye njaa itapauka kama ya zamani. Kwanza lisha uliyonayo, uipime, ndipo ulinganishe.

Limebaki swali lako la rangi nyekundu. Haematococcus nakushauri uiache kabisa. Hukua polepole, hupenda maji baridi yasiyo na chumvi wala magadi, na katika hali hiyo kila kijidudu kinachopita kinaweza kuishi humo na kuila au kuishinda. Ndiyo maana wanaoilima, kama wale wa Ketura katika bonde la Arava nchini Israel, hutumia mirija ya kioo iliyofungwa, ambayo gharama yake haifanani na ya bwawa la nailoni. Spirulina inakulinda kwa pH yake ya juu, ambayo maadui wengi hawaiwezi, na ulinzi huo huthaminiwa na mtu baada ya kuukosa.

Dunaliella ina nafasi, lakini si Arusha. Inahitaji maji ya chumvi mara kadhaa kuliko ya bahari, jua la mwaka mzima, na eneo kubwa la bei ya chini. Huko Hutt Lagoon, Australia Magharibi, hulimwa katika mabwawa mapana yasiyovurugwa. Kwa pwani yetu, mtu aliye jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, angekuwa na sababu ya kuifikiria, maana maji ya chumvi kali yapo tayari. Atahadhari tu na jambo moja: wekundu unaoonekana kwenye majaruba ya chumvi hutokana kwa sehemu kubwa na vijidudu vingine vipendavyo chumvi, ambavyo rangi yake si beta-karotini, kwa hiyo achukue sampuli na kuiweka chini ya hadubini kabla ya kumweleza mwekezaji yeyote kwamba amepata hazina. Na huyo ndiye mkulima ambaye ushauri uliousoma, wa kunyima naitrojeni, kuongeza chumvi na kuondoa kivuli, ungemfaa.